Kijani cha Braza

"Nisikilize basi, dogo!" Braza Mbaraka alifoka huku machozi yanamtoka. "Shemeji yako kaondoka na watoto!"

"Si ulisema sijui kusikiliza? Tena ukacheka mbele ya mama!" Nilipaza sauti kumshinda.

Siku hizi ukisomea ushauri nasaha unavalishwa bangili yenye taa. Ukimaliza kumsikiliza mtu, yeye ndiye anaiwasha, kijani ukimsikiliza vizuri, nyekundu ukishindwa. Mazoezi nafanyia nyumbani, na braza alikuwa ananipa nyekundu kila jioni kwa kujifurahisha tu. Nikafika mahali nikitaka kumpa mtu pole, sauti inatetemeka na macho yanakimbilia mkononi.

"Nilikuwa nakutania, mdogo wangu. Ona, nakupa kijani kabla hata hujaanza!"

Bangili ikawaka kijani, mara ya kwanza tangu niivae. Na kweli, maneno ya kumtuliza yakanijia yote, sauti imetulia kabisa. Nikayameza.

"Hiyo rangi kaongee nayo mwenyewe," nikamwambia, nikitabasamu vilevile alivyokuwa ananitabasamia akinipa nyekundu.

Nikatoka. Bado alikuwa analiita jina langu, na taa bado kijani, nilipoufunga mlango taratibu.