Pilipili ya Mbaraka

Tangu Mbaraka aangushwe na kiharusi, kila aliyekuja kumjulia hali alimwambia mkewe, Salme, kwamba pilipili huchangamsha damu. Dada yake Mbaraka ndiye aliyeshikilia zaidi.

"Wifi, mpe pilipili kichaa. Mishipa itafunguka."

Basi Salme akawa anazitwanga, anazitia kwenye mchuzi na kumlisha mumewe. Zamani Mbaraka akionja pilipili kidogo tu alitokwa jasho, akacheka, akaitisha maji. Sasa alimeza kimya, macho yake ukutani.

Mchana mmoja uvumilivu ukamwishia Salme. Alichukua pilipili nzima, akaipasua, akamwekea mumewe ulimini.

"Baba Rehema, inawasha?"

Mbaraka hakukunja hata uso. Aliitafuna taratibu kama wali uliopoa, mate mekundu yakamchuruzika upande wa mdomo uliolegea.

Salme akayafuta kwa kiganja. Kisha, kwa kujisahau, akajifuta machozi kwa kiganja kilekile. Macho yakawaka moto, akapiga ukelele.

Mbaraka aligeuza shingo, akamtazama mkewe akihangaika. Halafu akafungua mdomo, akingoja kulishwa.