Mkopo Mpya wa Barabara ya Juu

“Sasa jimbo lisipokopa, tutajengewa na malaika?” Mzee Okwudili alimfokea jirani yake, na sisi wa mtaa huu wa jiji la Aba, Nigeria, tukacheka.

“Waambie basi wamalize,” alijibu jirani, mama muuza supu. Nyumba yake walishaikata katikati kupisha barabara ya juu, kisha mkopo ukaisha, zikabaki nguzo tupu. Mpita njia anaona mpaka kitanda chake.

“Wivu tu huo, mama. Gavana kapata mkopo mpya!”

Hapo ndipo wakatokea watu wa jimbo na kopo la rangi. Ramani imebadilika, walisema. Wakampita mama, wakachora alama ya kubomoa, X kubwa nyekundu, kwenye ukuta wa mzee, nyumba aliyoijenga kwa kuuza matairi ujana wake wote.

Mzee akaifuta kwa kiganja. Rangi ikamchuruzika hadi kiwikoni, alama ikazidi kutanuka.

Hakuna aliyecheka tena. Mama akapakua supu yake ya egusi, akaongeza bakuli la pili.

“Njoo ule, mzee wangu. Pita hapohapo, usihangaike na mlango. Ukuta wenyewe uko wapi?”