Tangi Nyuma ya Masikio

Kazi yangu ni kuangalia picha za vita mtandaoni na kugundua zilipigwa wapi. Nikipata paa moja na kivuli, nakuonyesha kwenye ramani.

Leo picha imenifuata yenyewe. Mdogo wangu, yule tunayemwita Masikio, kavaa magwanda ya jeshi, jua limempenya masikio mpaka yamekuwa mekundu. Nyuma yake kuna tangi la maji lililobonyea ubavuni.

Aliyeirusha ni mama. Nikampigia mbio.

"Mama, ifute! Adui akiliona hilo tangi, atajua pa kupiga."

"Nifute? Watu wote hawa wanamsifu mwanangu! Na hakuna hata mmoja aliyetaja masikio."

"Mama, nakuomba."

"Haya, afande. Nimefuta."

Nikashusha pumzi.

"Ila yule kijana mstaarabu atasikitika," akasema.

"Kijana gani?"

"Simjui. Kaniandikia, shikamoo mama, mwanao bado yuko hapo? Ikabidi nimpigie Masikio nimuulize."

"Halafu?"

"Nikamjibu kwamba yupo, wanahama kesho. Sasa mtu akikuamkia kwa heshima hivyo, utamnyamazia?"