Farasi Mia Nne wa Dedan

Dedan alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Nissan Patrol ikanguruma, vumbi likatimka nyuma, na Kwamboka akapiga miayo.

"Umesikia hiyo?" Dedan akauliza.

"Nimesikia. Madam hupenda AC ikiwa ngapi?"

Jamani! Mtu anapepea kwenye barabara tupu ya Al Wukair, nje ya Doha, mbele yake silinda nane na nguvu za farasi mia nne, halafu anauliza habari za AC ya mke wa tajiri! Dedan akajibu tu: ishirini na mbili, na upepo usimpige usoni. Mwanamke unayetaka kumwoa hujibiwa chochote anachouliza.

Maana Dedan alikuwa amemposa Kwamboka kwa mdomo wake mwenyewe, na alikuwa hajajibiwa. Kwamboka alikuwa mlinzi wa mlango wa wanawake kwenye ghorofa moja kule West Bay, na aliposikia posa aliuliza swali moja tu: tutaishi wapi? Yeye alilala kambi ya kampuni, wasichana sita chumba kimoja. Dedan alikuwa na chumba chake nyuma ya nyumba ya tajiri aliyemwajiri kama dereva, lakini asiyefanya kazi pale halali pale. Swali gumu hilo. Dedan hakuwa na jibu, basi akaleta gari.

Kila kiangazi tajiri na familia yake walikimbilia Ulaya, na dereva akaachiwa kazi ya kuwasha magari ili betri zisife. Mwaka ule betri ya Patrol haikupata hata nafasi ya kupumzika.

Kwa imani ya Dedan, gari lenye nguvu chini ya farasi mia tatu si gari, ni ndara. Rafiki yake Salum, mtu wa Tanga aliyeendesha kigari cha dobi kule Abu Hamour, alimcheka mpaka akashika mbavu.

"Kaka, mimi nina farasi sitini, na kila mmoja namjua tabia. Wewe hao mia nne umewatumia lini wote? Kwenye foleni ya shule?" Kisha akampiga kijembe: "Mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Wewe wa mia nne tutakuokota vipande! Na huyo Kwamboka wako, mbona siku hizi asubuhi hashiki simu? Ana mtu huyo."

La farasi Dedan alilicheka. La simu lilimchoma, tena sana. Ndiyo sababu Ijumaa ile alikanyaga mafuta kuliko siku zote.

Walipofika kwenye uwanja mtupu, Kwamboka akasema, "Hebu nipe niguse kidogo."

Dedan akampisha. Kwamboka akasogeza kiti, akarekebisha vioo vyote, akafunga mkanda, akaondoka taratibu bila kulishtua gari. Akaenda akarudi. Akapiga rivasi katikati ya mapipa mawili ya taka, ikaingia bila kugusa popote. Hapo akacheka, kicheko cha kweli cha kutoka tumboni, na mshale wa mwendo ulikuwa haujafika hata ishirini.

"Unaona?" Dedan akapiga kelele kwa furaha. "Gari ikiwa na nguvu, inajiendesha yenyewe!"

"Naona," Kwamboka akasema. "Na watoto unawashushia geti gani pale shuleni? Madam akienda kwa mamake hupitia wapi?"

Moyo wa Dedan ukayeyuka. Akajua mwenzake anapima saa za kazi, anataka kujua mume atakuwa akirudi nyumbani saa ngapi. Akamweleza yote: geti la nyuma, kwa sababu la mbele lina msongamano, njia ya ndani ya Abu Hamour, hata kibanda ambacho Madam hutaka gari lisimame nje yake, honi ipigwe, aletewe chai dirishani.

"Sasa na mimi nijibu," akamwambia.

"Ngoja Madam arudi."

"Madam anaingiliaje moyo wako?"

"Wewe ngoja tu."

Familia ikarudi shule zilipokaribia kufunguliwa. Jumapili ya kwanza ya masomo, maana kule wiki ya shule huanza Jumapili, asubuhi Madam akamwita Dedan getini, uso mkavu kama ukuta. Bila shaka kuna mtu aliyewaona kule Al Wukair. Kazi imekwenda, na kazi ikienda, kibali cha kukaa nchini kinakwenda, na Kwamboka anabaki Doha na huyo wa asubuhi. Dedan nusura alie.

"Lete funguo za Patrol," Madam akasema.

Akazitoa mfukoni.

"Wasichana wangu wamekua. Mwaka mzima natafuta mwanamke wa kutuendesha, na kila anayekuja hajui hata geti la shule. Huyu nilimpata West Bay kabla hatujasafiri, akinipekua mkoba mlangoni. Amesoma udereva asubuhi kabla ya zamu, leseni amepata, na jana nimemjaribu: njia zangu zote anazijua, sijui kazitoa wapi. Wewe sikufukuzi. Utachukua hiyo pikapu iliyo getini, uwe unawapelekea ngamia wetu majani."

Kwamboka akatokea nyuma ya Madam, akapokea funguo, akapanda Patrol na kuiwasha. Kioo kikashuka.

"Madam amekubali. Tukioana, kile chumba ni chetu wawili," Kwamboka akasema. "Jibu ni ndiyo, Dedan. Sasa toa hiyo pikapu njiani, watoto wanachelewa."