Koti la Kuazima

Asubuhi, wanafunzi wa mwalimu Ketsia walimcheka binti wa riwaya moja ya karne ya kumi na tisa, aliyekubali kuolewa na tajiri asiyempenda. "Madame, huyu ni mwoga tu!" Ketsia naye akacheka.

Jioni, wajumbe wa tajiri mmoja mwenye malori huko Komanda walijaa sebuleni kwao, wamekuja kumposa. Baba yake Ketsia, aliyekimbia vita vya Djugu mikono mitupu, alikuwa amevaa koti la kuazima lililomfunika vidole.

"Ketsia, tupokee ngombe yao?" shangazi aliuliza mbele ya wote. "Ao leo maneno imekuisha, mwalimu?"

Watu wakacheka, isipokuwa baba.

Ketsia alimpigia baba magoti, akamkunjia mikono ya koti mpaka vidole vikaonekana.

"Mupokee," akasema.

Kesho angerudi darasani na riwaya ile ile.