Maua ya Hina

Siku moja kabla ya kwenda kliniki, Bi Mwanakheri alijichora hina kuanzia vidoleni hadi viwikoni, maua yaliyobanana ili wekundu wa vipele usionekane. Daktari alikuwa amemwonya kwamba vidonge vya homa sugu ya ini vikimharibia ngozi, vitasimamishwa, na dawa nyingine haikuwepo mjini. Mumewe alikufa kwa ugonjwa huohuo, tumbo likiwa limejaa maji.

"Shikamoo, mama," daktari alimwamkia kesho yake. "Umependeza! Nani anaolewa?"

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi. Kwani nimezeeka?"

Daktari alicheka. "Na muwasho je, hakuna?"

"Ningekuwa nawashwa, ningekaa nimetulia hivi?"

Daktari aliandika vidonge vya mwezi mzima, akamnyooshea karatasi. Bi Mwanakheri aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa utotoni, na mikono ya baibui ikapanda. Juu ya kifundo cha mkono, ua moja lilikuwa limevimba kuliko mengine. Lilipasuka katikati, na maji yakateremka polepole yakifuata mchoro.

Daktari hakuiachia karatasi. Bi Mwanakheri naye hakuiachia.