Mpekani wa Kingsbury

Nyumba yangu haina mlango, na aliyemo hatoki mpaka ivunjwe. Usiseme yai, yai kila mtu analijua. Ni kokwa ya pekani, tunda la ganda gumu, na Restuta alikuwa ndani yake.

Alitoka Bukoba akaja Landani, mtaa wa Kingsbury, kumtunza Bibi Damyanti, mjane wa Kihindi aliyezaliwa Unguja akahama baada ya mapinduzi. Siku ya kwanza tu, bibi aliuchukua mkono wa Restuta akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe. Kwao ndivyo walivyoapa: ukivunja, balaa humshukia mwenye kichwa. Akamwapisha asiondoke mpaka mpekani wa uani, mti wa kokwa hizo, uzae.

Restuta aliapa huku akicheka moyoni. Mti gani usiozaa?

Majira yakaja, majira yakapita. Kila baridi ikianza, mti ulidondosha maganda meusi, matupu. Akamuuliza Harish mwenye duka.

"Dada, ule mti wa joto," Harish akamwambia. "Hapa utangoja mpaka kiama."

Akarudi kumkabili bibi. "Mti wa joto, mliupandia nini kwenye baridi hii?"

Bibi akageuza uso, akaagiza chai. Miguu alikuwa nayo mizima, ila mlango wa mbele hakuuvuka hata siku moja. Hata chumvi alimtuma Restuta.

Na kule Bukoba, Placida, mtoto wake aliyemwacha angali ananyonya, kwenye simu sasa alimwita mama yake shangazi. Siku hiyo Restuta hakula. Aondoke? Bibi akifa, atamwambia nini Mungu?

Ndipo aliponunua kokwa za pekani kwa Harish, akazimwaga chini ya mti, kwenye majani yaliyolowa.

"Bibi, njoo uone. Umezaa."

Damyanti akaokota moja. Ilikuwa kavu, inang'aa. Akamtazama Restuta kwa muda, akaipasua kwa jiwe, akatafuna taratibu mpaka ikaisha. Restuta alitamani ardhi immeze.

"Uliniuliza tuliupandia nini," bibi akasema. "Aliupanda mume wangu, akiogopa nitamkimbia. Akauweka mkono wangu juu ya kichwa cha binti yetu, akaniapisha nisivuke mlango wa mbele mpaka uzae. Kujidanganya mwenyewe sikuweza, mwanangu. Ndiyo maana kila aliyekuja kunitunza nilimwapisha, nikingoja atakayenidanganya."